Kumvuta Mwenza Uingereza: Anayechunguzwa ni Wewe Unayeita

Mtu akioa au kuolewa na aliyeko ng'ambo, kisha miezi ikapita bila kuungana na mwenzake, lawama humwangukia yule aliyebaki nyumbani. Mume wangu, fundi wa mafriji, alipokuwa Tanga akisubiri viza, mama mkwe wangu alikuwa akiulizwa kila penye shughuli: “Kwani kijana kafeli nini huko ubalozini?” Watu walikwishajichorea picha yao. Foleni ndefu, dirisha la kioo, na Mzungu anayemuuliza fundi wa watu rangi ya mlango wa nyumba ya mkewe.

Kwa anayekwenda Uingereza kuishi na mwenza wake, mambo hayaendi hivyo. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Alama za vidole na picha huchukuliwa katika kituo cha maombi ya viza, ambacho si ubalozi. Faili lenyewe huamuliwa Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza, na afisa ambaye mara nyingi hatamwona mwombaji wala kuzungumza naye. Anachokiona ni karatasi, na nyingi kati ya hizo zinamhusu aliyeko Uingereza: mshahara wake, nyumba yake, makaratasi yake ya ukaazi. Mwombaji ni yule wa Tanga, Mombasa au Bujumbura, lakini mtahiniwa ni yule wa Leicester.

Mimi ndiye huyo wa Leicester. Nimekaa huku tangu ujana wangu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifanya ukalimani na kufasiri vyeti vya Waswahili wenzangu: vya ndoa, vya talaka, vya kuzaliwa. Kwa hiyo niliyajua mafaili ya wengine kabla sijafungua langu. Ninayoyaeleza hapa ni yale ninayowaambia mashoga zangu na wadogo zangu wanaponipigia simu kusema wamechumbiwa nyumbani.

Nani ana haki ya kuita

Anayeita, ambaye huku huitwa mdhamini, anapaswa kuwa raia wa Uingereza au wa Ireland, au awe na ukaazi wa kudumu, au awe amepewa hifadhi ya ukimbizi. Wapo pia raia wa nchi za Ulaya waliopewa hadhi maalumu baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Pasipoti ya Uingereza si lazima. Mimi sina. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, nami sikutaka kuuacha wa kwetu. Ukaazi wangu wa kudumu ulitosha.

Aliye na viza ya kazi au ya masomo yuko chini ya kanuni nyingine, na huko mambo yamebana. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi hawaruhusiwi tena kuja na mke au mume; waliobaki na ruhusa ni hasa wanaosomea shahada za utafiti kama uzamivu. Tangu tarehe 11 Machi 2024, anayeajiriwa kutoka nje kuja kulea wazee na wagonjwa hawezi kuleta familia, na ilipofika Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Vijana wetu wengi walikuja kwa njia hiyo. Akikwambia atakuvuta baada ya miezi mitatu, muulize kwa upole: viza yako ni ya aina gani?

Wakimbizi nao walikuwa na njia yao, isiyo na ada wala sharti la kipato, ya kumleta mwenza waliyekuwa naye kabla ya kukimbia. Maombi mapya ya njia hiyo yalisitishwa tarehe 4 Septemba 2025. Mkongo au Mrundi aliyepata hifadhi huku sasa anaelekezwa kwenye njia ile ile ya sisi wengine, yenye sharti la mshahara.

Mke, mchumba au mwenza

Kanuni zinatambua wenza wa namna tatu.

Wa kwanza ni aliyekwisha kufunga ndoa. Anaomba akiwa nyumbani, na akikubaliwa hupewa miezi 33. Akifika ana ruhusa ya kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza.

Wa pili ni mchumba. Huyu hupewa miezi sita ya kuja kufunga ndoa Uingereza, na katika miezi hiyo haruhusiwi kufanya kazi. Baada ya ndoa huomba upya kutoka ndani ya nchi na kulipa ada nyingine. Kwa hesabu ni njia ya gharama kubwa zaidi, na mtu anakaa nusu mwaka au zaidi bila kipato. Huwafaa wasioweza kufunga ndoa nyumbani kwa sababu moja au nyingine.

Wa tatu ni mwenza ambaye hamna ndoa ya kisheria, lakini uhusiano wenu umefanana na ndoa kwa miaka miwili au zaidi. Njia hii inawahusu Waswahili wengi kuliko wanavyodhani, nami nitaieleza nikifika kwenye nikahi.

Jambo moja lisilo na njia ya mkato: viza ya matembezi haigeuki kuwa viza ya mwenza. Akija kukutembelea, hata mkifunga ndoa kwa ruhusa ya kuja kuoana, lazima arudi nyumbani akaombe kutoka huko. Anayekwambia “mlete kwanza kama mgeni, mengine tutayamaliza hapa hapa” anakutafutia balaa.

Pauni 29,000

Hapa ndipo wengi wanapofelia mtihani. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini anatakiwa kuwa na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa pauni 18,600, nacho kilidumu tangu Julai 2012. Serikali iliyokuwapo ilitangaza Desemba 2023 kwamba itakipandisha kwa hatua hadi pauni 38,700. Serikali iliyofuata ikasimamisha upandishaji huo.

Weka kiwango hicho kando ya mishahara ya watu wetu. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kwa mtu mzima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, anapata kama pauni 25,400. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kubeba maboksi ghalani tangu Jumatatu hadi Ijumaa, bila kukosa siku, na sheria ikamwambia hana uwezo wa kuishi na mkewe.

Kipato cha mume wangu hakikuhesabiwa. Alikuwa na karakana ya mafriji Ngamiani, mjini Tanga, mafundi vijana wakiwa chini yake, na wateja wake walikuwa mabucha na maduka ya vinywaji. Kwa Tanga alikuwa mtu anayejimudu. Lakini kazi ya mwombaji aliye nje ya Uingereza haiingii kwenye hesabu, kwa kuwa ataiacha akija. Kinachoweza kuingia ni kipato kisichotokana na ajira, kama kodi ya nyumba mliyopangisha, hata ikiwa Mombasa au Dar es Salaam, mradi nyumba ni mali yenu, si ile mnayoishi, na fedha zinaonekana benki.

Akiba pia husaidia, ila kwa kanuni yake. Unachukua upungufu wa kipato chako, unauzidisha kwa mbili na nusu, kisha unaongeza pauni 16,000. Mwenye mshahara wa pauni 25,000 amepungukiwa na 4,000. Mara mbili na nusu ni 10,000, na pamoja na zile 16,000 anahitaji kuonyesha akiba ya pauni 26,000. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Fedha hizo ziwe zimekaa mikononi mwenu miezi sita. Ukiazima kwa kaka wiki moja kabla, haitakufaa kitu.

Wanaopokea baadhi ya malipo ya serikali kwa ajili ya ulemavu, au kwa kumhudumia mgonjwa, hawapimwi kwa kiwango hicho cha 29,000. Wao huonyesha tu kwamba familia itaishi bila kuongeza mzigo kwa serikali. Wengi hawalijui hili, wanakata tamaa bure.

Namna mshahara unavyothibitishwa inataka uangalifu kuliko kiasi chenyewe. Ukiwa na mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi, unatoa hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri. Ukibadilisha kazi katikati, unaangukia kundi jingine linalotazama miezi 12. Aliyejiajiri hutazamwa kwa mwaka mzima wa kodi. Ndiyo maana mimi, kabla ya kufunga ndoa, niliupunguza ukalimani. Kazi ile hulipa kwa saa: mwezi huu umejaa, mwezi ujao umekauka. Nikashika ajira ya kudumu ofisini katika hospitali, yenye mshahara uliopita kidogo mstari wa 29,000, nikatulia pale hadi miezi sita ikatimia. Hapo ndipo tulipojaza fomu.

Karatasi hizo zinasomwa kwa kulinganishwa. Hati ya mshahara ya Oktoba ikisema umelipwa pauni 1,987.40, afisa anatafuta 1,987.40 kwenye taarifa ya benki ya Oktoba. Anayelipwa sehemu benki na sehemu mkononi atajikuta na pengo, kwa kuwa ile ya mkononi haipo kwenye karatasi. Nimewahi kukaa na dada mmoja mezani, karatasi zake tumezipanga mwezi kwa mwezi, tukagundua kwamba mwezi mmoja mshahara wake uliingia kwenye akaunti ya dada yake. Fedha ni zake, jasho ni lake, lakini akaunti haikuwa yake. Alisubiri mpaka mwezi huo ukatoka kwenye hesabu ndipo akaomba.

Mtakapolala

Baada ya mshahara, nyumba. Sheria haidai umiliki wala nyumba nzima. Inataka mahali penu wenyewe pa kuishi, pasipo msongamano. Chumba kimoja ndani ya nyumba ya pamoja kinaweza kukubalika ikiwa ni chenu peke yenu na nyumba haijazidiwa na watu. Msongamano una vipimo vyake katika sheria ya makazi ya mwaka 1985: chumba kimoja kwa watu wawili, viwili kwa watatu, vitatu kwa watano. Sebule inaweza kuhesabika kuwa chumba. Mtoto asiyefikisha mwaka hahesabiwi, na aliye chini ya miaka 10 ni nusu mtu.

Unatoa mkataba wa upangaji na barua ya mwenye nyumba inayosema anajua mwenzako anakuja kuishi hapo. Wengi wetu huanzia kwa wazazi au kwa shangazi, nako kunakubalika, mradi hesabu ya vyumba na watu inakaa sawa.

Kiingereza na mapafu

Mwombaji naye ana mitihani yake, ingawa ni midogo. Wa kwanza ni Kiingereza cha kuzungumza na kusikiliza, ngazi ya A1, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Mtihani ufanyike katika kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha chuo cha mtaani hakikubaliki. Wakenya, Waganda na Watanzania hawasamehewi kwa sababu ya Kiingereza cha shule. Anayeweza kusamehewa ni mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, baada ya shahada hiyo kuthibitishwa kuwa sawa na ya Uingereza, au mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, au mwenye ulemavu unaomzuia.

Kiingereza cha mume wangu kilikuwa cha kompresa, gesi na termostati. Ukimuuliza kwa nini friji haigandishi, atakueleza mpaka uchoke. Mtihani ukamtaka azungumze na mtahiniwa mwenzake kuhusu familia, hali ya hewa na kwenda dukani. Kwa hiyo jioni, badala ya mazungumzo ya wapendanao, tulikuwa tunanunua viazi kwa Kiingereza kwenye simu. “Shemeji anajifunza kuomba chenji,” wadogo zangu walicheka. Alifaulu.

Mtihani wa pili ni kipimo cha kifua kikuu, kinachodaiwa kwa wanaotoka nchi zetu zote: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Hufanywa katika kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi sita. Kipimo kikifanywa mapema mno, cheti kitaisha muda kabla karatasi za mshahara hazijatimia, kwa hiyo acha kiwe cha mwisho mwisho. Kwa mtu wa Tanga ilikuwa safari ya basi hadi Dar es Salaam, na alama za vidole vilevile.

Ndoa kwenye karatasi

Kanuni inataka ndoa halali mahali ilipofungwa, wote wawili mkiwa na miaka 18 au zaidi, na mkiwa mmekwisha kuonana ana kwa ana. Ndoa iliyofungwa kwa wakili, bwana harusi akiwa mbali, yaweza kutambuliwa ikiwa sheria ya pale inaitambua, lakini kuonana kwa macho lazima kuwe kumetokea.

Ninapofasiri cheti cha ndoa ya Kiislamu kutoka Tanzania bara, kuna mahali wateja wangu hushtuka: panaposema kama ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huichukulia ndoa ya Kiislamu kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Hilo peke yake haliharibu maombi. Tangu mwaka 1995 sheria ya Uingereza imekubali ndoa iliyofungwa chini ya sheria inayoruhusu wake wengi, ikiwa kwa kweli hakuna kati yenu aliyekuwa na ndoa nyingine. Lakini mwenye wake wawili halisi hawezi kuwaleta wote wawili kama wake. Aliyeachana na wa kwanza alete cheti cha talaka. Talaka iliyotamkwa barazani mbele ya wazee, ikaishia hapo bila kuandikishwa, hukwamisha watu wengi.

Nikahi iliyofungwa hapa Uingereza ni habari nyingine. Ikifungwa msikitini peke yake, bila kuandikishwa kiserikali, haihesabiki kuwa ndoa mbele ya sheria ya England. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo bayana mwaka 2020. Watu wa namna hiyo, mbele ya Mungu ni mke na mume, lakini kwenye fomu ni wenza wasio na ndoa, na wanapaswa kuonyesha miaka miwili ya uhusiano. Bora mkaandikishe.

Cheti kikiwa kwa Kiswahili lazima kifasiriwe. Tafsiri ibebe tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake. Ukifanya hivyo angalia majina. Kwetu mtu ni jina lake, la baba na la babu, na mke habadili jina kwa sababu ameolewa. Katika faili moja mwanamke yule yule huweza kuwa Mwanaidi kwenye pasipoti, Mwana Idi kwenye cheti cha ndoa, na jina la babu limeachwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Rekebisheni nyumbani kabla ya kuomba, au andikeni maelezo ya kiapo yanayofafanua.

Mwisho, afisa anataka kuona kwamba ndoa inaishi. Si lazima umpe mazungumzo yenu yote. Hataki kusoma mambo ya chumbani. Kumbukumbu za simu za miezi mbalimbali, fedha mlizotumiana, tiketi za safari ulizokwenda kumwona, na picha chache zenye ndugu wa pande mbili zatosha. Picha mia za siku moja ya harusi huthibitisha siku moja.

Gharama

Kwa viwango vya mwaka 2025, ada ya maombi kutoka nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 unatozwa miaka mitatu: pauni 3,105. Jumla ni pauni 5,043, zaidi ya shilingi milioni 15 za Tanzania, kabla hujalipia mtihani wa Kiingereza, kipimo cha mapafu, tafsiri na nauli. Kila mtoto anayekuja pamoja naye ana maombi yake na ada zake, ingawa tangu Aprili 2024 kiwango cha mshahara hakiongezeki kwa sababu ya watoto.

Maombi yakikataliwa, ada ya afya hurudishwa. Ada ya viza hairudi.

Akikataliwa, barua itataja kifungu kwa kifungu kilichokosekana. Kuna haki ya kukata rufaa, na aliye nje ya nchi ana siku 28. Kama kilichokosekana ni karatasi ambayo unaweza kuipata, mara nyingi kuomba upya ni haraka kuliko kungoja mahakama. Kama afisa amekosea kusoma, au kuna watoto ambao wataumia, rufaa ina maana. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliafiki kuwapo kwa kiwango cha kipato, lakini ikaitaka serikali izingatie maslahi ya watoto na vyanzo vingine vya fedha.

Hapa katikati ndipo vishoka wanapoingia. Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Anayetoa ushauri huo awe wakili au awe kwenye orodha ya mamlaka ya washauri wa uhamiaji, na orodha iko wazi kwenye mtandao. Mimi ni mfasiri. Nikishafasiri cheti, kazi yangu imeisha. Kijana anayekaa mkahawani na kusema “nipe mia tano, mshahara nitaupandisha kidogo kwenye karatasi” anakuuzia kosa ambalo laweza kumfungia mwenzako mlango, maana udanganyifu katika maombi ya viza huadhibiwa vikali.

Akishafika

Viza si mwisho wa safari. Kabla ya miezi 33 kuisha ataomba nyongeza ya miezi 30, akiwa amefaulu Kiingereza cha ngazi ya A2. Baada ya miaka mitano anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na hapo anatakiwa ngazi ya B1 pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza, wenye maswali 24 katika dakika 45, na ili ufaulu upate 18. Kwa muda wote huo hana haki ya misaada ya kijamii ya serikali, lakini hospitali ameshailipia.

Wakati wa nyongeza mtaulizwa kama kweli mmeishi pamoja. Barua sita zilizotawanyika katika miaka miwili, kutoka sehemu tatu au zaidi, ndizo zinazotarajiwa: benki, manispaa, daktari, kampuni ya umeme. Kwa hiyo mwandikisheni jina lake kwenye bili tangu wiki ya kwanza. Bili ya gesi ya nyumbani kwangu ina majina mawili, na tunaiweka kwenye jalada kama watu wengine wanavyoweka hati ya shamba.

Na kuna jambo lisilosemwa kwenye harusi. Aliyekuja kwa viza ya mwenza anaweza kutishiwa: “Ukinichezea nitakurudisha kwenu.” Mdhamini hana uwezo huo. Sheria ya Uingereza inampa anayepigwa au kunyanyaswa na mwenza wake njia ya kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe, na msaada wa muda anaposubiri. Mwambieni binti yenu au kijana wenu hilo kabla hajapanda ndege.

Basi wewe uliyeko huku na moyo wako uko nyumbani, kabla ya kuchapisha kadi za mwaliko, toa taarifa zako za benki za miezi sita uzipange mezani kando ya hati za mshahara. Kama mshahara wako haufiki pauni 29,000 kwa mwaka, mwambie mwenzako na wazazi wake ukweli huo, ili asije akalaumiwa yeye kwa mtihani ambao ni wako. Na kwa kuwa ada na viwango hubadilika, mara nyingi mwezi wa Aprili, visome upya kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku ile ile mnayojaza fomu.